Vijiti vya Roshani

Ukipita Kuze, inua macho. Roshani za zamani zina mbao zilizotiwa nakshi, na chini yake safu ya vijiti vya mviringo, vyenye viuno na mabega. Nakshi ilichongwa kwa patasi na nyundo. Vijiti vilikerezwa.

Kukereza ni kuchonga mti huku unazunguka, na chombo chake huitwa keezo. Neno limebaki kwenye kamusi kuliko midomoni. Keezo la zamani halikuhitaji stima. Fundi aliketi chini, akazungushia mti kamba ya uta. Mkono mmoja ulivuta na kusukuma uta, mwingine ukashika patasi, mguu ukaituliza. Mti ulienda mbele ukarudi nyuma, na patasi ilikata mwendo mmoja tu. Ukikata wakati mti unarudi, umeharibu kazi.

Mti gani sasa? Mpingo ni wetu, mzito hadi unazama majini, na Ulaya wanautengenezea klarineti. Lakini huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Msaji wa milango na roshani ulivuka bahari kutoka Bara Hindi na Burma. Boriti za dari ni mikoko ya pwani hii. Mkaratusi ni wa Australia. Uliletwa Kenya 1902 uwe kuni za garimoshi, kwenye reli iliyoanzia hapa hapa Mombasa. Leo ndio nguzo za stima mitaani.

Basi tukisema tutunze asili ya Mji wa Kale, asili ipi? Nyumba hizi hazijawahi kuwa za mti mmoja. Cha hapa kilikuwa mkono: unaojua kwamba mpingo hula makali ya patasi, na kwamba mkaratusi ukikaushwa haraka hupinda na kupasuka, kwa hivyo ncha zake hupakwa nta, maji yatoke polepole.

Kijiti kimoja kikioza, ni rahisi kuchomeka chuma au ubao wa mraba. Ukiwa barabarani huoni tofauti. Ila hapo kijana mmoja amekosa kazi ya kujifunzia. Na wa kuanza hahitaji mpingo wala msaji: kipande cha mkaratusi, kilichokaushwa kwa subira, kinatosha.