Bata (neno)

Bata ni umbo la neno linalopatikana katika lugha mbalimbali bila asili moja. Kwa Kiswahili ni ndege wa majini. Kwa Kitagalog cha Ufilipino, mtoto. Kwa Kihispania, joho la nyumbani. Kwa Kiyoruba, ngoma ya nyuso mbili. Bata ya viatu ni jina la ukoo wa Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni mjini Zlín mwaka 1894 pamoja na ndugu zake. Mtu aweza kudai kwamba mfanano huo si bure. Lakini silabi ba na ta zimeenea mno duniani, hivyo maneno kugongana si ajabu. Undugu huthibitishwa pale sauti, maana na historia zinapokubaliana: Kiarabu batta humtaja ndege yuleyule, na biashara ya pwani yaeleza njia ambayo neno hilo lilipitia hadi Kiswahili.