Mlango wa Tumboni

Parklands, Nairobi, ni mtaa wa hospitali na nyumba za ibada. Hospitali ya Aga Khan imekuwa hapo tangu 1958, M.P. Shah iko jirani, na katikati yake mna misikiti, makanisa, mahekalu ya Kihindu na ya Wajaini wa Oshwal. Anayeruhusiwa kutoka wodini akiwa na stoma, yaani ncha ya utumbo iliyotokezwa kwenye ukuta wa tumbo na kuvishwa mfuko, amekwisha kufundishwa kukata kibandiko kitoshe tundu lake na kuumwaga mfuko kabla haujajaa. Yule wa utumbo mwembamba ameonywa zaidi, maana uchafu wake ni majimaji makali yanayochubua ngozi yakivujia chini ya kibandiko. Swali atakalokwenda nalo nyumbani, hata hivyo, huenda daktari hakuulizwa: nitaabudu vipi?

Waislamu walilijibu mapema ajabu. Upasuaji wa stoma unaotajwa sana katika historia ni ule wa daktari Duret, huko Brest, Ufaransa, mwaka 1793, kwa mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja. Inasimuliwa kwamba aliishi miaka 45. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, alikuwa ameshaandika katika kitabu chake cha fikihi, Minhaj, kwamba njia ya kawaida ikizibika na nyingine ikafunguka chini ya tumbo la chakula, kinachotoka hapo kinatangua udhu. Hakushangaa wala hakuona aibu. Kwake huo ni mlango tu, na mlango una hukumu yake.

Hukumu hiyo kwa juujuu inaonekana mzigo, kwa kuwa stoma haina msuli wa kuzuia. Ndipo linapokuja fungu la mwenye udhuru, yaani asiyeweza kuzuia kinachomtoka. Shafii, madhehebu ya pwani yetu na ya Wasomali, humtaka atawadhe baada ya wakati kuingia na asitumie udhu mmoja kwa faradhi mbili. Hanafi, wanayoifuata Waislamu wengi wa Parklands wenye asili ya Bara Hindi, humwachia udhu mmoja kwa wakati mzima wa sala, hata akitaka kulipa kadha, yaani sala zilizompita, humo humo. Naona huruma katika uchambuzi huu wa kina. Mgonjwa hapewi pole, anapewa utaratibu, na mwenye utaratibu hana haja ya kujificha.

Kanisani mambo ni kinyume. Walawi 21 ilimzuia kuhani mwenye kasoro ya mwili asikaribie madhabahu, ila katika Marko 7 Yesu anasema waziwazi kwamba kiingiacho tumboni hutoka kwenda chooni na hakimtii mtu unajisi. Sijui andiko lingine linalomfungulia mwenye stoma kwa upana kiasi hicho. Ajabu ni kwamba silisikii likihubiriwa kwa ajili yake. Uhuru usiotamkwa haumsaidii mama wa kwaya anayeogopa mfuko usije ukatoa sauti katikati ya sala ya kimya. Hajakatazwa kitu, na hana wa kumwambia kwamba hajakatazwa.

Kwa Wahindu, Bhagavad Gita inauita mwili mji wenye milango tisa. Katha Upanishad inasema kumi na mmoja, na wafafanuzi hukihesabu kitovu kuwa mmojawapo. Kwa hiyo mlango wa tumboni si mgeni kabisa katika fikra za Kihindu. Ugumu uko mikononi: mkono wa kushoto wa uchafu, wa kulia wa chakula na sadaka, ilhali mfuko haubadilishiki kwa mkono mmoja. Hata sisi Waswahili tunalijua hilo. Glavu huenda ikatatua zaidi ya hoja.

Hatari yenyewe haiko katika twahara, iko katika saumu. Kwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba, bila utumbo mpana kunyonya maji, mwili hupoteza maji na chumvi; kutoka kwa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku ni kengele ya hatari, na upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za wagonjwa hao kurudishwa wodini, figo zikiwa mashakani. Na maji matupu, yakinywewa kwa wingi, huzidi kuivuta chumvi ya mwili iingie utumboni itoke nayo. Wajaini, wakati wa Paryushan, msimu wao wa kufunga, wapo wanaofunga kwa maji yaliyochemshwa peke yake, mchana tu. Kwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba, funga hiyo inayoonekana salama kwa kuwa ina maji ndiyo ya kuogopwa. Mwislamu ana ruhusa ya mgonjwa katika Surat al-Baqara, pamoja na fidia ya kulisha maskini kwa asiyetarajia kupona. Mjaini naye ana unodari, yaani kula pungufu ya shibe, ambayo dini yake inaihesabu ibada pamoja na funga. Chakula kidogo, mara kadhaa mchana, chenye chumvi: muuguzi wa stoma naye angemwandikia hivyo hivyo.