Bill Withers: mwanamume aliyengoja mpaka awe na la kusema

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bill Withers aliingia studio ya kurekodia mjini Los Angeles akiwa na viatu vyake vya kazini miguuni na daftari la nyimbo mkononi. Alikuwa ametoka kiwandani moja kwa moja. Alipoona wapigaji wamekwisha kukaa kwenye nafasi zao, alimvuta kando produsa wake, Booker T. Jones, akamwuliza ni nani atakayeziimba nyimbo zile. Jones, ambaye amekisimulia kisa hiki mara nyingi, alimjibu kwamba mwimbaji ni yeye mwenyewe. Withers alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30. Nyimbo alizitunga yeye, majaribio ya kwanza aliyarekodi kwa fedha za mshahara wake, lakini alitazamia kwamba mtu mwingine mwenye jina angekuja kuziimba.

Katika muziki wa soul, jambo hilo si la kawaida. Stevie Wonder alisaini mkataba na Motown akiwa na miaka 11. Aretha Franklin alikuwa binti mdogo alipoanza kurekodi katika kanisa la baba yake mjini Detroit. Hao walilelewa na jukwaa, na hadhira ikawaona wakikua. Withers alifika jukwaani akiwa mtu mzima aliyekwisha kumzika baba yake, kutumikia jeshi, na kufunga vyoo kwenye ndege. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu albamu zake za mwanzo, zile alizozitoa kati ya mwaka 1971 na 1974, zinasikika tofauti na za wenzake. Ndani yake kuna mtu anayejikagua bila haraka, na kila albamu inamsogeza karibu zaidi na yale ambayo hakuwahi kuyasema.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Wazazi wake waliachana angali mdogo, na sehemu kubwa ya utoto wake akaipitisha katika mji wa jirani wa Beckley, kwa upande wa mama yake. Baba yake, mchimba madini, alifariki Bill alipokuwa na miaka 13. Bibi yake mzaa mama, Lula, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kanisani, na ndiye aliyemkingia kifua nyumbani kila alipokaribia kuadhibiwa.

Bill alikuwa na kigugumizi. Maneno yalimkwama kooni mbele ya watoto wenzake, mbele ya walimu, hata mbele ya simu. Alisema mara nyingi katika mahojiano kwamba hali hiyo ilimfuata mpaka alipokaribia miaka 30. Atakayesikiliza nyimbo zake akiwa na habari hiyo kichwani atagundua jambo: Withers hapotezi neno. Beti zake ni fupi, maneno yake ni yale ya sebuleni na ya dukani, na anajua kuacha kimya kifanye kazi. Mtu ambaye kila neno lilimgharimu jasho hujifunza kuchagua. Waandishi wengi waliohangaika kueleza siri ya utunzi wake wangefika upesi kama wangeanzia hapo.

Alipofikia umri wa kuandikishwa aliingia Jeshi la Majini la Marekani, akakaa humo miaka tisa. Aliondoka mwaka 1965, na miaka miwili baadaye akahamia Los Angeles. Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye kiwanda cha Weber Aircraft, Burbank, ambako alifunga vyoo vya ndege za Boeing 747. Jioni alijifundisha gitaa. Hakuwa amelishika kabla ya hapo. Alilinunua kwenye duka la vitu vya rehani baada ya kumwona Lou Rawls akiimba klabuni na kusikia kiasi cha fedha alicholipwa kwa wiki. Kampuni za muziki zilimkataa moja baada ya nyingine, hadi Clarence Avant, mwenye kampuni changa ya Sussex, alipompa nafasi.

Albamu ya kwanza, Just As I Am, ilitoka mwaka 1971. Picha ya jalada ilipigwa palepale kiwandani: Withers amesimama nje ya ukuta, nguo za kazi mwilini, kisanduku cha chakula cha mchana mkononi. Hakuna suti ya kung'aa, hakuna taa za jukwaa. Alikuwa bado ameajiriwa pale, kwa sababu hakuuamini muziki kiasi cha kuacha mshahara wa uhakika.

Humo ndimo ulimo Ain't No Sunshine, wimbo uliompa jina. Aliutunga baada ya kutazama filamu ya Days of Wine and Roses ya mwaka 1962, inayohusu mume na mke wanaoangamizwa na pombe, akawaza jinsi mtu anavyoweza kukitamani kitu kinachomuua. Katikati ya wimbo anarudia maneno mawili yaleyale mara 26. Pale alikuwa amekusudia kuandika ubeti mwingine, lakini Jones na wapigaji waliokuwamo studioni walimwambia auache ulivyo, naye akawasikiliza wenye uzoefu. Ule ubeti usioandikwa ukawa sehemu inayokumbukwa kuliko zote. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri, upande wa kwanza ukawa na wimbo wa Harlem. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza santuri. Ulifika nafasi ya tatu kwenye chati ya Billboard na kumpatia tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B.

Hata hivyo, kwangu mimi moyo wa albamu ile ni Grandma's Hands. Una urefu wa dakika mbili tu. Ni wimbo wa mikono ya bibi Lula: mikono inayopiga makofi na kushika tari kanisani, inayoonya, inayompa mtoto peremende, inayouma na kuvimba. Katika miaka ambayo muziki wa soul ulijaa habari za mapenzi ya ujana na za hasira za mitaani, mwanamume wa miaka 32 alisimama akaimba kwamba aliyemfanya kuwa mtu ni bibi kizee mwenye mikono iliyovimba. Yeyote aliyelelewa na bibi katika jamii zetu hahitaji mkalimani wa wimbo huo. Katika albamu hiyohiyo kuna I'm Her Daddy, wimbo wa baba anayegundua kwamba ana binti wa miaka sita asiyemjua, na Better Off Dead, wa mlevi aliyeachwa na familia yake, unaoishia kwa mlio wa bunduki. Huyu alikuwa mtunzi mpya, na tayari alikuwa akiingia kwenye vyumba ambavyo wanaume wengi hufunga kwa kufuli.

Mwaka uliofuata alitoa Still Bill, na hapo akasimamia kurekodi yeye mwenyewe akishirikiana na vijana waliotoka katika bendi ya Watts 103rd Street Rhythm Band, akiwamo mpiga ngoma James Gadson. Sasa alikuwa na fedha na anaishi mjini, na albamu inafunguka kwa wimbo wa upweke wa mjini. Kisha unakuja wivu katika Who Is He (and What Is He to You)?, na katika Use Me yupo mwanamume anayejua wazi kwamba anatumiwa na mwanamke, marafiki na ndugu wamemwonya, naye anakiri kwamba anaridhia. Ni nadra mwanamume kukiri udhaifu huo hadharani na kuuchezesha kwa mdundo mzito namna ile.

Upweke huohuo ndio uliozaa Lean on Me. Alisimulia kwamba alikuwa amenunua kinanda kidogo, akawa anapandisha na kushusha vidole kwenye vitufe vinavyofuatana, kwa kuwa hakujua kupiga zaidi ya hapo. Sauti hiyo rahisi ikamrudisha Slab Fork, mahali ambapo jirani alikuwa mtu wa kukimbiliwa, ambapo ukiishiwa ulibisha hodi mlango wa pili. Los Angeles haikuwa na watu wa namna hiyo. Alichokikosa ndicho alichokiimba. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972, na tangu siku hizo umeimbwa makanisani, shuleni na kwenye misiba, mara nyingi na watu wasiojua jina la aliyeutunga.

Oktoba mwaka huohuo alipiga onyesho katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, lililotolewa kama albamu mwaka 1973. Wimbo wa I Can't Write Left-Handed upo humo. Ni wa askari kijana aliyerudi kutoka Vietnam bila mkono wa kulia, anayemwomba mtu amwandikie barua kwa mama yake. Withers hailaani serikali wala hapigi kelele. Anakaa na yule kijana mpaka ombi lake limalizike.

Halafu ikaja albamu chungu. Mwaka 1973 alimwoa mwigizaji Denise Nicholas, na kufikia mwaka 1974 ndoa ilikuwa imevunjika mbele ya macho ya magazeti. +'Justments ilitoka mwaka huo. Haikuwa na wimbo wa kushindana na Lean on Me, na ndiyo sababu wengi wameipita. Mimi naiona kuwa ndiyo yenye ujasiri kuliko zote. You, wimbo wa kwanza, ni majibizano makali na mtu aliyempenda. The Same Love That Made Me Laugh unageuza furaha iliyopita kuwa jeraha. Katikati kuna Can We Pretend, alioutunga Denise mwenyewe, wa wapenzi wanaoombana wajifanye kana kwamba jana haikutokea. Withers aliuimba wimbo wa mke wake kwa upole, ndani ya albamu iliyobeba maumivu ya nyumba yao. Mtu anayetaka kushinda ugomvi hafanyi hivyo.

Septemba mwaka huo alikuwa Kinshasa. Tamasha la Zaire 74 liliandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki ukaendelea kama ulivyopangwa, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba. James Brown alikuwapo, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, na wenyeji wetu Franco na OK Jazz pamoja na Tabu Ley Rochereau. Katikati ya vyombo vyote vile vya shaba na ngoma, Withers alikaa na gitaa lake akaimba Hope She'll Be Happier, wimbo wa mtu anayemtakia heri mwanamke aliyemwacha. Filamu ya Soul Power, iliyotoka zaidi ya miaka 30 baadaye, imehifadhi dakika hizo. Uwanja mzima umekaa kimya kwa ajili ya mtu mmoja.

Kampuni ya Sussex ilianguka mwaka 1975, naye akahamia Columbia. Huko alitoa Lovely Day mwaka 1977, wimbo ambao sauti yake inashikilia noti moja kwa sekunde 18, na mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Marcia Johnson, aliyezaa naye watoto wawili. Lakini maofisa wa kampuni walitaka kumwelekeza. Mmoja alimshauri arekodi wimbo uliowahi kuimbwa na Elvis Presley, ushauri ambao Withers hakuusahau. Kwa miaka kadhaa hakupewa nafasi ya kutoa albamu, akawa anaimba kwenye kazi za wengine. Just the Two of Us, aliouimba na mpiga saksafoni Grover Washington Jr., ulitokana na kipindi hicho na kumpa Grammy ya pili. Mwaka 1985 alitoa Watching You Watching Me, kisha akaacha. Hakuaga na hakufanya ziara ya mwisho.

Watu walimwuliza sababu kwa miaka 35. Wengine waliona ni hasara. Mimi nasoma uamuzi ule kama mwendelezo wa nyimbo zake. Mtu aliyekaa miongo mitatu bila kuimba, akaimba alipokuwa na la kusema, hakuwa na sababu ya kuendelea kuimba kwa amri ya ofisi. Alilea watoto wake, mkewe akasimamia haki za nyimbo, na mrabaha ukaendelea kuja. Kundi la Club Nouveau liliupeleka tena Lean on Me kwenye nafasi ya kwanza mwaka 1987, na mtunzi akapata Grammy ya tatu akiwa nyumbani.

Filamu ya kumbukumbu ya Still Bill, ya mwaka 2009, inamwonyesha akikutana na vijana wenye kigugumizi katika kikundi cha maigizo mjini New York. Wanasema kwa shida, na anawangoja wamalize. Machozi yanamtoka. Mwaka 2015 Stevie Wonder ndiye aliyemwingiza kwenye Rock and Roll Hall of Fame. Withers alifariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 81, siku ambazo watu waliofungiwa majumbani na korona walikuwa wakiuimba Lean on Me madirishani.

Wengi wetu tunamjua kwa nyimbo tatu au nne zilizokusanywa kwenye albamu moja ya nyimbo bora. Hazitoshi. Msomaji, tafuta Just As I Am, Still Bill na +'Justments, uzisikilize kwa mpangilio huo, kila moja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka.