Nani Alimuumiza Phillis? Reli na Makuzi katika Novela ya Gaskell

Aghalabu mtahiniwa akikutana na kisa cha msichana wa shamba na mgeni kutoka nje, kalamu yake hukimbilia jibu moja: maendeleo yameharibu mashamba. Novela ya Elizabeth Gaskell, Cousin Phillis, iliyochapishwa katika jarida la Cornhill kuanzia Novemba 1863 hadi Februari 1864, inatutaka tusiwe na pupa hiyo.

Tuanze na historia. Reli ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa mwaka wa 1830, na katika miaka ya 1840 Uingereza ikashikwa na homa ya kujenga reli. Kufikia sensa ya 1851, wakazi wa miji ya Uingereza na Wales walikuwa wamewazidi wa mashambani. Gaskell, aliyelelewa Knutsford, aliyajua mashamba hayo vyema.

Katika novela hii, Paul Manning, karani kijana wa reli, anamtembelea Phillis Holman, binti wa pekee wa mhubiri ambaye pia ni mkulima. Baadaye anamleta mkubwa wake, mhandisi Holdsworth. Phillis anampenda. Holdsworth anaitwa Kanada kujenga reli na kuondoka bila kumtamkia lolote. Paul, kwa nia njema, anamfichulia Phillis kwamba mhandisi alimpenda. Kisha barua inafika: Holdsworth ameoa huko huko. Phillis anaugua nusura afe.

Je, reli ndiyo mkosaji? La. Mhubiri mwenyewe anafurahia mazungumzo ya mitambo. Tatizo limo nyumbani. Phillis ana miaka 17 na anasoma Kilatini na Kigiriki, lakini bado anavishwa vazi la kitoto juu ya gauni. Wazazi wamemkuza akili, wakakataa kuona kwamba moyo nao unakua. Siri inapofichuka, baba anamkemea Paul kwa kumtia mtoto mawazo; ni Phillis anayekiri kwamba alipenda. Isitoshe, elimu yake haikuwa na pa kwenda: chuo cha Girton kilianzishwa mwaka wa 1869, na Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia wanawake shahada mwaka wa 1878.

Tuchunguze pia usimulizi. Paul anasimulia akiwa mtu mzima, katika nafsi ya kwanza. Kwa hiyo makuzi ni ya wawili: Phillis anajifunza kuvumilia hasara, naye Paul anajifunza uzito wa neno lililokwisha kutamkwa.

Hatimaye Betty, mtumishi wa nyumba, anamwambia Phillis waziwazi kwamba wengine wamefanya yao. Sasa ni zamu yake kujiinua. Naye anaomba nini? Kwenda kwa wazazi wa Paul, mjini Birmingham, kwa muda, ndipo arudi kwenye utulivu wa zamani. Anayedai mji ndio sumu ataeleza vipi ombi hilo?

Mtahiniwa basi asiishie kutaja mgongano wa mji na shamba. Aulize ni nani katika kisa aliyeona kwamba mtoto amekua, na nani aliyefumba macho.