Mwanga–Amsterdam (umbali na muda wa safari)

Wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, haina uwanja wa ndege za abiria. Wasafiri wake hutumia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971 wilayani Hai. Anayetoka Usangi, ndani ya wilaya ya Mwanga, huteremka kwanza kona za Milima ya Upare, kisha hushika barabara kuu kupitia Himo, Moshi na Boma Ng'ombe.

Kutoka KIA hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,900 kwa mstari wa anga, muda wa saa nane na ushei kwa ndege isiyotua njiani. Upepo huongeza au kupunguza dakika kadhaa. Kwa kulinganisha, basi la Mwanga–Dar es Salaam, kupitia Same, Korogwe na Chalinze, huweza kuchukua muda huohuo kwa takriban kilomita 500 tu.