Nani Atabeba Hema?

Kila mvua ikiisha, simu zetu hujaa picha za vijana wa Nairobi wamekaa mbele ya hema, kikombe cha chai mkononi, mlima nyuma yao. Swali chini ya picha huwa ni lile lile: hivi vitu mlinunua pesa ngapi? Jibu likija, wengi hunyamaza. Hema jipya la dukani linaweza kumeza kodi ya mwezi. Ongeza mfuko wa kulalia, begi la mgongoni, jiko na viatu, na utaanza kuamini kwamba kulala nje ni mambo ya watalii na wenye doo zao.

Imani hiyo ina historia. Picha tuliyo nayo kichwani ya kambi "ya ukweli" iliundwa na watu ambao hawakuwa wanabeba mizigo yao wenyewe.

Mwezi wa Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka melini Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa wanyama wa taasisi ya Smithsonian. Walikuja kuwinda na kukusanya wanyama wa kupeleka makumbusho. Kampuni ya Newland, Tarlton ya Nairobi ilishughulikia matayarisho, na msafara ulipoanza ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Kulikuwa na mahema makubwa, sehemu ya kuogea maji moto, na chumvi ya tani kadhaa ya kuhifadhi ngozi. Kulikuwa pia na maktaba. Roosevelt alibeba vitabu vyake vikiwa vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibike. Nimesema alibeba, lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba sanduku lile lilikuwa na uzito wa karibu ratli 60, yaani kilo 27 hivi, na huo ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Kwa hivyo kulikuwa na mtu mzima aliyetembea nyika ya Kenya akiwa amejitwika vitabu vya mtu mwingine.

Ratli 60 ndicho kilikuwa kipimo cha safari za wakati huo. Vitu vilifungwa kwa mizigo ya uzito huo, na ukitaka starehe zaidi ulikuwa unaongeza mtu, hupunguzi vitu. Kitanda, meza, viti, sufuria za chuma, turubai zito la pamba, vyote vilikuwa na maana kwa sababu mgongo ulikuwa wa kukodi. Neno safari lenyewe, ambalo kwetu ni kwenda tu mahali, hata kama ni Machakos kumwona shangazi, likaingia Kiingereza likiwa na maana ya mzungu, bunduki na foleni ya watu wenye mizigo vichwani.

Foleni hiyo haikuishia kwa wawindaji. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa lazima, na makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa magonjwa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ukiingia soko la Kariokor, au ukishuka Kariakoo kule Dar es Salaam, unatamka jina lao. Kwa babu zetu wengi, kulala porini chini ya turubai kulikuwa kazi, tena kazi ya kuua. Ndio maana mzee wa kijijini akisikia unalipa pesa ukalale kwa baridi, anakuangalia mara mbili.

Sasa weka kando ya Roosevelt mtu mwingine wa wakati ule ule. Thomas Hiram Holding alikuwa fundi wa nguo, London. Yeye alipenda kusafiri kwa baiskeli na kulala njiani, na baiskeli haina wapagazi. Kwa hivyo akafanya kile ambacho fundi wa nguo anaweza kufanya: akabuni hema dogo la kitambaa chepesi, linalokunjika na kufungwa kwenye baiskeli. Mwaka wa 1901 alianzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka wa 1908 akatoa kitabu cha mwongozo kwa wapiga kambi. Roosevelt alikuja Kenya mwaka mmoja tu baadaye na vyombo vya tani. Wawili hao wote walikuwa wanapiga kambi. Tofauti ni kwamba mmoja wao alijua kila kitu anachofunga kitamlemea mwenyewe kwenye mlima wa kwanza.

Mfano unaonigusa zaidi uko hapa nyumbani, Nanyuki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa wamefungia huko wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa anauona Mlima Kenya kutoka kambini na akaamua kuupanda. Hakuwa na duka wala pesa. Yeye na wenzake walitumia miezi kutengeneza vifaa kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa shoka za barafu. Vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu ili wasiteleze kwenye barafu. Kamba walizipata kwa kufumua nyavu za mkonge za vitanda. Mablanketi yakashonwa kuwa nguo. Chakula walidunduliza kidogo kidogo. Hata ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochorwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama.

Tarehe 24 Januari 1943, Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka. Barsotti aliugua na ilibidi abaki chini. Wawili waliobaki walijaribu Batian, kilele cha juu kabisa chenye mita 5,199, wakashindwa. Kisha wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao na kushuka. Walirudi wenyewe kambini baada ya siku 18, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, zikapunguzwa hadi 7.

Hadithi hii husimuliwa kama ushujaa tu, na mtu anaweza kuitumia vibaya akasema vifaa si muhimu. Iangalie vizuri. Vifaa vyao vya kujiundia vilifanya kazi kwa sababu kila kimoja kilikuwa na kazi moja iliyojulikana, na Balletto alikuwa mpanda milima mwenye ujuzi. Kilichowaumiza ni mambo mengine: hawakujua njia, hali ya hewa iliwageuka, na chakula hakikutosha. Walishuka wakiwa na njaa kali. Jua kali inaweza kukupa shoka, lakini haiwezi kukupa ugali uliosahau kufunga.

Miaka 20 baadaye, usiku wa Uhuru wa Desemba 1963, Kisoi Munyao alikuwa juu ya mlima huo huo akiinua bendera ya Kenya. Mlima ulikuwa wetu, lakini bei ya kuufikia ilibaki ya wageni kwa muda mrefu. Kilichobadilisha hesabu kwa kijana wa kawaida ni vitu viwili ambavyo havikuwa na nia yoyote ya kumsaidia. Cha kwanza ni nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1935 na kutumika sana vitani, ambayo baadaye ilifanya hema na mifuko kuwa vyepesi. Cha pili ni mitumba. Mzungu akinunua jaketi la mlimani, akalivaa msimu mmoja na kulichoka, siku moja linafunguliwa kwenye bale Gikomba au linaning'inia Toi. Muuzaji huenda asijue ni la mlimani. Kwake ni jaketi tu, na bei ni ya jaketi tu.

Kwa hivyo ukianza leo, usianze na orodha ya duka. Anza na swali ambalo historia hii yote inauliza: nani atabeba? Kama mnaenda Naivasha kwa gari na mnalala hatua kumi kutoka mlipoegesha, uzito sio shida yako. Sufuria ya nyumbani na meko ya kawaida vinatosha, na blanketi mbili nzito zinaweza kufanya kazi ya mfuko wa kulalia. Kama ni mgongo wako utakaobeba, kila kilo ina bei, na hapo ndipo unaanza kulipia wepesi.

Pesa ya kwanza iende chini yako, sio juu yako. Wanaoanza hununua hema zuri na kulala vibaya, kwa sababu ardhi ndiyo huiba joto la mwili usiku. Mfuko wa kulalia hukupa joto kwa hewa iliyoshikwa ndani yake, na pale unapoulalia hewa hiyo hukandamizwa ikaisha. Godoro jembamba la sponji ngumu, lile la kukunja, ni la bei nafuu na litakufaa kuliko hema la pili. Hema lenyewe azima au kodi kwa safari mbili tatu za kwanza, hadi ujue kama utalihitaji.

Ukienda mitumba, soma lebo kabla ya kusoma jina la kampuni. Tafuta sufu, poliesta au nailoni. Jinzi na sweta za pamba ziache mjini, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji na kukupoza. Fungua na kufunga zipu yote. Inua kitambaa kwenye mwanga uangalie matundu. Mshono uliolegea ni kazi ndogo kwa fundi wa mtaani, lakini zipu iliyokufa kwenye mfuko wa kulalia itakugharimu usingizi. Hema la bei ya chini linahitaji kifuniko cha juu kinachoshuka karibu na ardhi. Turubai la kutandika chini likunje liwe dogo kuliko sakafu ya hema, la sivyo litakusanya mvua na kukuletea kitandani.

Halafu piga hesabu ya mlima. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka takriban digrii 6. Kutoka Nairobi hadi Lenana ni zaidi ya mita 3,000, kwa hivyo baridi unayoilalamikia Julai mtaani, toa karibu digrii 20. Kilichokutosha Naivasha hakitakutosha huko, na huko ndiko mahali pa kukodi vifaa vizuri hata kama vinauma mfuko. Na haijalishi ni wapi, usiingize jiko la makaa ndani ya hema ili upate joto. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Mimi niliacha chuo bila digrii na ninaishi kwa malipo ya makala, kwa hivyo orodha yangu ni fupi: sponji, sufu, turubai, chakula cha ziada cha siku moja. Vingine nimeazima. Na ukifika malango ya Sirimon, Naro Moru au Chogoria na ukaamua kumwajiri mpagazi, mlipe vizuri, kisha fungua begi lako mbele yake na utoe kila kitu ambacho usingebeba mwenyewe.