Nafasi ilipobanwa: Jalada la gemu na shule ya Thika Road

Jioni, abiria anayesubiri gari Ruiru hana muda wa kuchambua. Magari ya 145 na ya 237 yanaingia kwa mkupuo, yanasukumana, na kabla kondakta hajamaliza kutaja nauli jicho limekwisha kuchagua. Wachoraji wa matatu wamekula mkate wao ndani ya sekunde hizo chache kwa miongo kadhaa. Leo, kijana wa Juja au Thika anayetaka kuuza gemu ya mbinu mtandaoni anakabiliwa na hesabu ileile: picha moja, umati wa washindani, na mnunuzi mwenye haraka.

Historia ya picha hizo, barabarani na dukani, ina mafundisho ambayo hayapatikani kwa kununua kompyuta yenye nguvu. Kila nafasi ya kuchora ilipobanwa, waliobaki sokoni ni wale waliojua cha kuacha.

Ubavu wa gari

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya magari ya abiria. Njia zikafurika, na ushindani ukawa mkali. Magari yanayotoka kiwandani hufanana. Wakazi wa Thika wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa Leyland Kenya ilianza kuunganisha malori mjini humo katika miaka ya 1970. Kinachotenga gari na jingine barabarani ni rangi, jina na sura. Kufikia miaka ya 1990, ubavu wa matatu ulikuwa uwanja wa wanamuziki wa rap, wanasoka, manabii na majina ya majigambo.

Kisha likaja rungu la serikali. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizotangazwa Oktoba 2003 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano wenye upana wa milimita 150 kuzunguka gari. Michoro ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena, na Novemba 2018 msako ukarudi.

Mchoraji alijifunza kuishi na mstari huo. Haukuweza kuondolewa, na jina la njia lilipaswa kusomeka. Kwa hiyo vilivyobaki vililazimika kufanya kazi zaidi: jina fupi, uso mmoja mkubwa, rangi mbili zinazopingana. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa karibu kilomita 50, ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, mwendo uliongezeka na muda wa kulitazama gari ukapungua. Mchoro wenye mambo madogo madogo ulionekana vizuri gari likiwa limeegeshwa tu.

Sanduku lililosema zaidi ya skrini

Mbali na hapa, Marekani, tatizo la wachoraji wa majalada ya gemu lilikuwa la kinyume. Atari ilipotoa mashine yake ya kwanza ya kaseti mwaka 1977, ikiwa na gemu tisa, televisheni ilionyesha vifaru vya vipande vichache vya mraba. Hakuna ambaye angenunua vipande hivyo kwa kuvitazama. Kampuni ikawapa kazi wachoraji wa brashi, akiwemo Cliff Spohn, wakajaza sanduku kwa vifaru, ndege na moshi. Jalada likawa sehemu ya gemu yenyewe: mtoto alitazama skrini huku akiona kichwani kile alichokiona kwenye sanduku.

Mwaka 1983 Electronic Arts, kampuni changa iliyoanzishwa na Trip Hawkins mwaka mmoja kabla, ilichukua njia nyingine. Gemu zake za kwanza ziliuzwa katika bahasha bapa mfano wa jalada la santuri, na majina ya watunzi yakapewa heshima kama ya wanamuziki. Mojawapo ilikuwa M.U.L.E., gemu ya mbinu na biashara iliyobuniwa na Dani Bunten na wenzake. Jalada lilianza kusema kitu kipya: kazi hii ina mwenyewe.

Hapa Kenya, wengi walikutana na gemu kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo. Kaseti zake zilijisifu kuwa na gemu 9,999, lakini ukifungua unakuta chache zilizorudiwa chini ya majina tofauti. Picha ya juu mara nyingi haikuhusiana na kilichomo. Mnunuzi aliyeungua hivyo hakuisahau, na kizazi hicho ndicho leo kinachopitisha kidole juu ya picha za duka la mtandaoni kwa shaka.

Wakenya waingia dukani

Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu ya kompyuta inayomfuata mwanamke mtafutaji. Baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana katika Leti Arts. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, studio ya Planet Rackus ya Nairobi ilileta Ma3Racer, mbio za matatu kwenye simu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo jiji linavamiwa na viumbe wa anga.

Gemu hizo zilikuwa na bahati moja upande wa jalada: zina mtu au gari. Mwanamke mpekuzi, matatu, askari mwenye bunduki. Kila kimoja kinajieleza chenyewe. Ma3Racer ilikuwa na faida zaidi, kwa kuwa Thika Road ilikwisha kumaliza kazi ya kuwafundisha wanunuzi kuitambua matatu hata kwa kivuli chake.

Gemu ya mbinu haina urahisi huo. Agikuyu walicheza giuthi, ndugu wa bao, kwa vishimo ardhini na mbegu. Asiyeijua angeona mbegu tu. Anayeijua angeona mtego unaotegwa hatua tatu mbele. Utamu wa mbinu umo kichwani mwa mchezaji, na kichwa hakichoreki. Wachoraji wengi hukimbilia kuweka kila kitu: ramani, jeshi, mfalme, ngome na jua linalozama. Matokeo yake ni picha inayopendeza ukutani na kuwa uji kwenye simu.

Kipimo cha kucha mbili

Simu ndiyo iliyobana nafasi kuliko rungu lolote. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, la Android likafuata mwaka huohuo, na la Nokia mwaka 2009. Kwa gemu za kompyuta, duka la Steam liliacha mfumo wa kupigiwa kura mwaka 2017 na kumruhusu yeyote kuuza baada ya kulipa dola 100 kwa kila gemu. Mlango ulipopanuka, rafu ikajaa.

Miongoni mwa picha ambazo Steam huzitaka kuna ndogo, ambayo mfumo wenyewe huipunguza hadi pikseli 120 kwa 45. Hapo uso wa mfalme ni doa na ngome ni mikwaruzo. Tangu Septemba 2022 duka hilo pia linakataza kuandika tuzo, alama za wahakiki na punguzo la bei juu ya picha hizo. Kinachoruhusiwa ni mchoro, jina la gemu na jina lake dogo rasmi. Mstari wa manjano wa Michuki una ndugu yake mtandaoni.

Ndiyo maana mtengenezaji wa gemu wa Ruiru asianze na mchoro mkubwa. Aanze na ule wa 120 kwa 45, auweke katikati ya michoro ishirini ya washindani, kisha amwombe mtu asiyeijua gemu aseme ni ya aina gani. Akisema ni ya mapigano na sivyo, jalada limedanganya hata kama limechorwa kwa ustadi. Kwa gemu ya mbinu, jibu mara nyingi hupatikana katika uamuzi mmoja: daraja linalogombewa, kijiji kilichozingirwa, mikono miwili juu ya ubao. Jina lisomeke kwanza. Mandhari yasubiri ukurasa wa ndani, ambako mnunuzi ameshaingia na ana muda.

Kwa msanii aliyefukuzana na sheria za matatu kwa miaka 20, hilo ni agizo analolifahamu. Studio ndogo zinazotafuta mchoraji wa jalada zingefaa kumtafuta kwenye karakana za magari kabla ya kwenda kuomba msaada ng'ambo.